Ruhusa si idhini: Kidirisha cha tarakilishi na dhahabu ya Kakamega

JUMA lililopita niliingia katika duka moja la huduma za mtandao hapa sokoni Shinyalu, saiba kama wenyewe wanavyoliita, ili nitolewe nakala za hati fulani. Kijana mwenye duka alikuwa akitumia programu ya kuchanganulia karatasi. Kila alipoifungua, kioo cha tarakilishi kilififia, kidirisha kikachomoza katikati na kuuliza iwapo aliiruhusu programu hiyo ifanye mabadiliko kwenye mashine. Naye, bila hata kutazama, akabonyeza ndiyo. Kwa muda niliosimama pale nilihesabu mara kumi na moja.

"Kwani hicho kinauliza nini?" nikamsaili.

"Aah, mwalimu, hicho ni kisirani tu. Kuna fundi ameniambia kesho atanizimia hiyo kitu isiniulize tena."

Nilimsihi asubiri kwanza. Akaniuliza kwa nini, na sikuwa na jibu la kumpa nikiwa nimesimama, foleni ikirefuka nyuma yangu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukumbi huu. Kiswahili kina maneno manne ambayo watu huyatumia kana kwamba ni ndugu wa toka nitoke: ruhusa, idhini, kibali na ridhaa. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini hayakuzaliwa kwa mama mmoja. Ruhusa inatokana na mzizi uleule uliotupa neno rahisi. Katika fikihi, ruhusa ni nafuu anayopewa mtu, mathalani msafiri au mgonjwa, asibanwe na sharti zito. Ni kulegeza kamba. Idhini, kwa upande wake, ina mzizi mmoja na adhana, na mmoja na neno la Kiarabu lenye maana ya sikio. Mwenye kutoa idhini ni mtu aliyekwisha kusikia: ameambiwa jambo, limemwingia, ndipo akalikubali. Kibali ni ndugu wa kukubali, na pia wa kabla na kibla; ndani yake mna dhana ya kuelekeana uso kwa uso. Ridhaa ni kutulia kwa moyo.

Msomaji atasema huu ni udaku wa wanaisimu. La hasha! Kijana wa saiba alikuwa akitoa ruhusa mara kumi na moja, na idhini hata mara moja hakuitoa.

Sasa historia. Tarakilishi kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama ile iliyoendeshwa na Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT kule Marekani, zilitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Ilibidi kila mmoja awe na neno lake la siri, asije akavuruga kazi ya jirani. Mwaka wa 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala ambayo hadi leo wanafunzi wa taaluma hii hulazimika kuyasoma. Mojawapo ya kanuni walizozitaja ni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu anayoyahitaji kwa kazi iliyo mbele yake, basi. Aliyetumwa chumvi asipewe ufunguo wa ghala zima.

Tarakilishi ya nyumbani ilipokuja, kanuni hiyo ikawekwa kando. Mashine ilikuwa ya mtu mmoja mezani pake. Alinde nini, na dhidi ya nani? Hata Windows XP ilipotoka mwaka wa 2001, ikiwa imejengwa juu ya msingi wenye uwezo wa kutenganisha mamlaka, watumiaji wengi wa nyumbani waliingia wakiwa wasimamizi wenye mamlaka yote. Maana yake ni kwamba programu yoyote waliyoifungua ilirithi mamlaka hayo, nzuri kwa mbaya. Intaneti ilikuwa imekwisha kuleta wageni. Mnamo Mei 2000 watu duniani kote walifungua barua pepe iliyojidai kuwa ya mapenzi, na kirusi kikafuta na kufunika mafaili yao pasipo kupiga hodi.

Hodi! Neno hilo ndilo lililokosekana. Likaja na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma tarehe 30 Januari 2007. Kuanzia hapo hata msimamizi alifanya kazi zake za kawaida kwa mamlaka madogo, na programu iliyotaka makubwa ilibidi ibishe mlangoni. Kile kioo kufifia, kwa taarifa ya kijana wangu, si pambo. Kidirisha huhamishiwa kwenye uwanja wa peke yake, ili programu nyingine isiweze kukinyooshea mkono na kujibonyezea ndiyo kwa niaba yako.

Watu walichukia. Kampuni ya Apple ikatoa tangazo la kuwakejeli wapinzani wake kwa kumchora mlinzi anayeingilia kila sentensi akiuliza iwapo aruhusu. Mwaka wa 2008 afisa mmoja wa Microsoft, David Cross, aliungama katika kongamano la usalama mjini San Francisco kwamba kero hiyo ilikusudiwa. Walitaka watumiaji wakereke, wawalalamikie watengenezaji wa programu, nao watengenezaji waache tabia ya kudai mamlaka wasiyoyahitaji. Nadhani ni mara chache kampuni kusema ukweli mchungu namna hiyo hadharani. Shabaha ilikuwa ya maana, ila aliyebebeshwa mzigo ni mtumiaji, na mtumiaji akajifunza jambo moja tu: kubonyeza haraka.

Windows 7 ya mwaka wa 2009 ikalegeza. Ikaleta kipimo chenye ngazi nne, kuanzia kuuliza kila mara hadi kutouliza kabisa, na sehemu nyingi za mfumo wenyewe zikapewa imani ya kupita bila kubisha. Mapema mwaka huo, toleo likiwa bado la majaribio, wachunguzi walionyesha kwamba programu mbaya ingeweza kutumia imani hiyohiyo kukizima kidirisha kimyakimya, na kampuni ikalazimika kurekebisha.

Habari hizi, ukizisomea Shinyalu, zina harufu ya kitu cha zamani.

Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuhifadhi ardhi za Waafrika. Humo iliahidi kwamba maeneo yaliyotengewa wenyeji yangekuwa yao milele. Endapo kipande kingehitajika kwa shughuli za umma, baraza la wenyeji lingeshauriwa kwanza, na ardhi nyingine ya thamani sawa ingetolewa badala yake. Kidirisha, kwa lugha ya leo: kabla ya kubadilisha, uliza.

Haukupita mwaka mzima baada ya 1930 ila ikasikika kwamba L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani, amepata dhahabu Kakamega. Ilikuwa 1931, mdororo wa uchumi umewakaba walowezi koo, na bei za mazao yao zimeanguka. Mamia wakamiminika. Serikali ikamleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, naye akathibitisha kwamba mali ipo. Utaratibu wa 1930 ukaonekana mzito kwa kasi ya wachimbaji. Mnamo Desemba 1932 sheria ikafanyiwa marekebisho kwa haraka: kwa ajili ya uchimbaji, ardhi ingeweza kutengwa pasipo kulishauri baraza la wenyeji, na fidia ingekuwa pesa, si ardhi.

Zingatia, msomaji, kwamba sheria haikufutwa. Milango yote ilibaki mahali pake na maneno yake mazuri. Kilichoondolewa ni kile kidirisha kimoja, kwa aina moja ya mgeni aliyeaminika. Shemasi mkuu Owen, mmishonari wa Kianglikana aliyekuwa Kavirondo, alipiga kelele. Wabunge wa Uingereza wakaujadili mkasa huo mapema mwaka wa 1933. Wenyeji nao, waliokuwa hawajapata sikio la yeyote, wakaingia katika siasa za vyama. Lakini visima vilikuwa vimekwisha kuchimbwa. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, uliendelea hadi 1952. Mwaka uohuo wa 1933, msitu ulio jirani nasi ukatangazwa kuwa wa hifadhi, na tangu hapo kuokota kuni katika msitu ambao babu zetu waliingia bila kumuuliza mtu kukawa jambo la kibali. Hata leo jina la dhahabu likitajwa kwa upande wa Isulu na Bushiangala, swali la kwanza la wazee ni nani ameulizwa.

Sidai kwamba tarakilishi na shamba ni mamoja. Aliyeng'olewa boma lake hawezi kulirejesha kwa kuwasha mashine upya. Ninalolisema ni la kiwango cha chini: madaraka hayapendi kuulizwa, na njia nyepesi ya kuyaepusha na swali ni kuliita swali lenyewe usumbufu.

Upo upande wa pili pia, nao tuuseme. Swali linaweza kuwa chombo cha uonevu. Kipande, kilichoasisiwa kwa sheria ya mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilimfanya mwanamume Mwafrika atembee na karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Popote aliweza kusimamishwa na kuulizwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bado tunakiita kitambulisho kipande, wengi wetu bila kujua tumetaja nini. Kwa hiyo siwalaumu wanaochukia kuulizwaulizwa. Tofauti ni kwamba kipande kilimhoji mwenye nyumba, ilhali kidirisha humhoji mgeni.

Turudi dukani. Je, programu tunayoiamini, tunayoifungua kila siku, lazima ibishe kila mara? Hapana, na hapa kijana wangu ana hoja. Lakini dawa si kuzima kila kitu, kama alivyotaka fundi wake. Kwanza, ujiulize kwa nini programu inadai mamlaka makubwa. Ya kuchanganulia karatasi haina haja nayo, na aghalabu toleo jipya huwa limeacha tabia hiyo. Pili, kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, ile ya usimamizi iwekewe nywila yake. Tatu, ikiwa kweli programu inahitaji mamlaka, Windows ina kipanga-kazi ambacho unaweza kukiagiza kiifungue programu hiyo moja tu kwa haki za juu kabisa, kisha ukatengeneza njia ya mkato. Haitauliza tena. Nyingine zote zitaendelea kubisha.

Hapo pana mtego ambao mafundi wengi hawautaji. Msamaha huo unafuata jina la faili na mahali lilipo. Ikiwa programu imekaa kwenye folda ambayo yeyote anaweza kuandika, kama ile ya vipakuliwa, basi mwizi ataiondoa na kuweka yake yenye jina lilelile, na mashine itaipokea kwa heshima zote. Programu yenye msamaha sharti ikae mahali ambapo msimamizi pekee ndiye anayeweza kubadilisha.

Na muhuri? Kidirisha hutaja jina la mtengenezaji endapo programu ina sahihi ya kidijitali. Wateja wa M-Pesa wanalifahamu jambo hili kupitia huduma ya Hakikisha: unaonyeshwa jina la mpokeaji, unapewa muda mfupi wa kusitisha. Jina ni msaada mkubwa, si kinga kamili. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka wa 2010, kilikuwa na sahihi zilizoibwa za kampuni halali. Mwaka wa 2020 ikabainika kwamba programu ya kampuni ya SolarWinds ilitiliwa sumu huko huko kiwandani, ikasambazwa kwa wateja wapatao 18,000 ikiwa na muhuri halisi. Anayesoma jina huenda bado akadanganywa. Asiyelisoma hahitaji hata kudanganywa.

Waliotafsiri programu kwa Kiswahili walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na Microsoft nayo ikaleta vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Tangu hapo kitenzi kuruhusu kimezoeleka kwenye vibonyezo vya simu na tarakilishi. Ni kitenzi chepesi, kila mtu anakielewa, na labda wepesi wenyewe ndio unaonitia shaka. Ningekuwa na usemi, kidirisha hiki kingeanza kwa jina: fulani anabisha, anataka kufanya jambo hili. Kisha vibonyezo viwili, karibu na hapana.

Jumamosi nilirudi dukani. Fundi alikuwa hajafika. Nikamwomba kijana aifungue programu yake, na safari hii asibonyeze. Kioo kikafifia. Tukasoma pamoja, yeye kwa sauti. Kidirisha kilikuwa na utepe wa manjano, na penye jina la mtengenezaji palikuwa na neno moja: hajulikani.

"Hii uliitoa wapi?"

"Rafiki yangu alinipa na flashi, mwalimu. Kutoka Kakamega mjini."

Tukaiondoa. Tukapakua nyingine kwenye tovuti ya kampuni iliyounda mashine yake ya kuchanganulia, na ilipokwisha kusakinishwa ikafunguka bila kuuliza kitu.