Kutoka London hata Johannesburg

Msomaji, chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka London hata Johannesburg. Uzi ule ukikazwa huonyesha njia fupi kupita zote, nayo ni kilomita zipatazo 9,070. Njia hii haikupungua hata hatua moja. Kilichopungua ni muda wa kuikata. Leo abiria aondokaye London jioni hushuka Johannesburg asubuhi, baada ya kuruka saa 11 hivi bila kutua. Je, muda huo ulipunguzwaje, na ni nani waliolipa bei yake?

Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza kwa ndege wakielekea Cape Town. Ndege ya kwanza iliwavunjikia Korosko, katika nchi ya Misri. Ya pili ikavunjika Bulawayo. Wakafika kwa ya tatu. Safari yote ilichukua siku 45.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya barua na abiria kutoka London hata Cape Town, kupitia Khartoum, Kisumu, Nairobi, Dodoma, Mbeya na Johannesburg. Ndege za siku zile zilikwenda polepole, zikatua mara nyingi kutia mafuta, na usiku abiria walilala mjini. Hivyo safari ilizidi siku kumi.

Kisha likaja jambo la ajabu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet iliondoka London na abiria 36. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya abiria wa kulipa nauli katika ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kabla saa 24 hazijatimia ilikuwa Johannesburg. Watu walishangilia, wakadhani umbali umekwisha kushindwa.

Lakini ushindi ule ulikuwa na ila iliyojificha. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ileile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ilianguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21. Ndipo Comet zote zikazuiwa kuruka.

Mabaharia waliokota vipande kutoka chini ya bahari. Huko Farnborough wataalamu walitia Comet nzima katika tangi kubwa, wakawa wakiijaza maji kwa nguvu na kuyapunguza, tena na tena, ili bati lake lipate taabu ilipatayo kila inapopanda na kushuka. Kwani Comet iliruka juu sana, zaidi ya mita 10,000, ambako hewa ni haba. Ilibidi hewa ishindiliwe ndani ili abiria wapumue. Kwa hiyo kila safari bati lilituna, kisha likanywea. Chukua waya, uukunje huku na huku; hautakatika mara ya kwanza, lakini mwishowe utakatika. Bati la Comet lilichoka vivyo hivyo. Ndani ya tangi lilipasuka, na ufa ulianzia penye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni.

Wahenga walisema: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Habari ya ufa ule haikufichwa. Ilitangazwa, na waundaji wa ndege wa nchi nyingine pia wakajifunza. Comet mpya ziliundwa kwa bati nene zaidi, na mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuzitumia hata London.

Basi, msomaji, usikiapo kwamba mji fulani u mbali kwa saa kadha wa kadha, usidhani saa hizo zilipunguzwa na injini peke yake. Zilipunguzwa pia na watu waliokubali kuuliza kwa nini, wakatafuta jibu hata chini ya bahari.