Kidaka na ukuta wa kutazamwa
Kidaka ni kishubaka kilichotobolewa ukutani. Waamu wakiwa navyo vingi husema zidaka. Neno hili lamfaa anayesitasita kama aupambe ukuta mmoja wa sebule kuliko nyingine. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, zidaka za chokaa iliyonakshiwa zilipangwa safu juu ya safu kwenye chumba cha nyuma kiitwacho ndani, zikapambwa kwa sahani na bakuli za kaure. Mahali pale palikuwa na sababu: vyumba vimefuatana kutoka uani, na jicho la anayeingia huishia hapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni jicho linatua wapi, rangi itafuata.

Atakayesema pambo hubana chumba kidogo ana haki akiwazia rangi nzito. Lakini vyumba vya Lamu vilikuwa vyembamba kama ushoroba, na zidaka zilikuwa nyeupe. Kilichozipa mvuto si rangi ya ukuta, ni kina na kivuli. Kwamba zilikuwa nyumba za matajiri ni kweli, ila mahali jicho linapotua hapategemei mali: hupangwa na mlango, na kopo la rangi halihamishi mlango. Ukuta wenye dirisha, kabati na runinga tayari una mengi ya kutazamwa; mimi ningeuacha vivyo hivyo.