Kile Kitambaa cha Sofa ya Mathe Kimetoka Mbali

Ukiingia nyumba nyingi za Kenya, kabla hata hujapewa chai utavipata: vitambaa. Kwa mgongo wa sofa, kwa mikono ya sofa, juu ya meza, juu ya TV enzi zile TV ilikuwa na kisogo, na kuna watu walifunika hadi redio. Tumevicheka sana. Alafu ghafla miaka hii kila msichana wa kampasi, na maboi pia, anafuma topu, kofia na begi kwa kulabu ileile mathe alifumia vitambaa. Sasa tunaiita krosheti na tunaipiga picha.

Watu huniuliza hobi gani haina gharama kubwa na inakuachia ujuzi mkononi. Tangu niache kampasi nimejaribu kadhaa, na jibu langu bado ni krosheti. Kulabu moja, uzi, mikono miwili. Haitaki stima, haitaki bando, unaweza kuifanya kwa matatu ukiwa umekwama Thika Road. Lakini kabla ukimbie Biashara Street kununua uzi, nataka ujue hii kitu imepitia wapi, juu historia yake ni ya pesa na njaa kuliko ya urembo.

Jina lenyewe ni la Kifaransa, linatokana na neno la kulabu. Maelekezo ya zamani zaidi ya krosheti tunayoyajua katika chapa yalitoka kwa jarida la Uholanzi lililoitwa Penelope, mwaka wa 1823. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ni sanaa ya maelfu ya miaka, muulize ushahidi. Kufuma kwa sindano mbili ndio kwa kitambo: huko Uingereza, William Lee alikuwa ameunda mashine ya kufuma soksi tayari mwaka wa 1589. Krosheti ni mtoto wa juzi.

Na huyo mtoto alikulia kwenye shida. Mwaka wa 1845 ugonjwa ulishambulia viazi Ireland. Waru, wasee. Maskini wa Ireland walikuwa wanaishi kwa viazi karibu peke yake, kwa vishamba vya kukodi, na mwaka baada ya mwaka zao likaoza. Wakati huohuo nafaka na ng'ombe walikuwa bado wanapakiwa kwa meli kwenda kuuzwa Uingereza, na wenye mashamba walikuwa wanafukuza wapangaji walioshindwa kulipa. Kufikia 1852 karibu watu milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa, na wengine kama milioni moja walikuwa wamehama nchi.

Hapo ndipo kulabu inaingia. Masista wa Ursuline kule Blackrock, Cork, walikuwa wanafunza wasichana krosheti. Kaskazini zaidi, mji wa Clones, kaunti ya Monaghan, mke wa kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Cassandra Hand alianzisha mafunzo mwaka wa 1847, ule mwaka mbaya kuliko yote. Wakati huo matajiri wa Ulaya walikuwa wanapenda lesi za mtindo wa Venice, zile za kushonwa kwa sindano, kazi ya miezi na miezi. Wairishi wakagundua kwamba kwa kulabu unaweza kutoa kitu kinachopendeza vilevile kwa muda mfupi zaidi. Uzi wa pamba ulikuwa rahisi na kulabu unaweza kujichongea mwenyewe.

Sehemu ninayoipenda ni vile walipanga kazi. Hawakufuma nguo kutoka juu hadi chini kama tunavyofanya. Mmoja alifuma waridi tu. Mwingine majani tu. Mwingine yale majani matatu ya shamroki. Kila mtu akabobea kwa kipande chake mpaka mkono ukaenda wenyewe, alafu mtu wa mwisho akapanga vipande na kuviunganisha kwa nyavu ya uzi mwembamba. Kazi iligawanywa ndani ya nyumba: mama, watoto, hata wanaume ambao shamba halikuwapa kitu. Ni kiwanda bila jengo. Nyumba ambazo hazikuwa na chochote zilipata pesa ya chakula, na wengine wakalipia tiketi za meli kwenda Marekani kwa hiyo pesa ya kulabu.

Sasa usifikirie kila mtu alikula vizuri. Aliyefuma waridi alilipwa kwa kipande. Kati yake na yule mwanamke tajiri wa London au Paris aliyevaa ile kola kulikuwa na mabroka, na broka ndiye aliyejua bei ya huko mbele. Mfumaji hakuijua. Kuna pia watu waliotengeneza jina kutokana na karatasi: Éléonore Riego de la Branchardière, baba Mfaransa, mama Muairishi, alichapisha makumi ya vitabu vya maelekezo ya krosheti kuanzia miaka ya 1840, na kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851 alipewa medali. Simchukii. Aligundua mapema kwamba kuandika maelekezo kunaweza kukulisha kuliko kufuma, na mpaka leo kuna watu kwa intaneti wanaishi kwa kuuza maelekezo. Lakini angalia nani anakumbukwa kwa jina na nani hakumbukwi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 krosheti ya Ireland ilikuwa moto sana Paris. Nguo nzima, makoti, magauni. Alafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, mitindo ikabadilika, na soko likaanguka. Waliokuwa wanategemea soko moja la mbali wakabaki na ujuzi na masanduku ya waridi zisizo na mnunuzi.

Ilifikaje kwa sofa ya kwenu? Njia kuu ni shule za misheni, ambako wasichana walifunzwa kushona na kufuma kama sehemu ya kuwa mke mzuri wa Kikristo. Na mwaka wa 1952 ikaja Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa chini ya serikali ya kikoloni, huku wake za wazungu wakiongoza. Vilabu vyake vilifunza upishi, usafi, malezi ya watoto na kazi za uzi. Inaonekana kitu cha upole, sivyo? Lakini Oktoba mwaka huohuo serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na waya, na hivi vilabu vikatumiwa kuvuta wanawake mbali na Mau Mau. Kwa hivyo kuna nyanya wa nchi hii aliyejifunza mambo ya nyumba kutoka kwa serikali ileile iliyomchomea nyumba.

Kilichofuata ndicho kinanifurahisha. Baada ya uhuru wanawake walibeba kile walichohitaji, yaani kukaa pamoja, kuchanga na kugawana, wakakigeuza chao. Miaka ya 60 na 70 vikundi vya wanawake huko Nyeri na kwingine vilichangishana hadi kila mwanachama akaezekewa nyumba kwa mabati. Vitambaa navyo vikabaki kwa sofa kama cheti: hapa kuna mtu anayejua kazi ya mikono. Tunapovicheka tunacheka cheti cha mtu.

Kuna kitu kingine kuhusu krosheti ambacho wengi hawajui. Mpaka leo hakuna mashine ya kiwandani inayotengeneza krosheti halisi kwa wingi. Zipo zinazofuma kitu kinachofanana, lakini ukikivuta karibu na macho unaona ni mtindo wa sindano. Sababu ni hii: ukifuma kwa sindano mbili, vitanzi vyote vimejipanga mstari kama wanafunzi wa gwaride, na mashine inapenda mistari. Kwa krosheti kuna kitanzi kimoja tu kilicho wazi, na kulabu inaweza kuingia popote, mbele, nyuma, raundi mbili chini. Kila hatua ni uamuzi wa mkono na jicho.

Ndiyo maana mwaka wa 1997 Daina Taimiņa, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua kulabu. Kuna aina ya jiometri ambapo uso unajikunja na kupanuka kila mahali, kama ukingo wa sukuma wiki. Watu walijaribu kuionyesha kwa karatasi, ikararuka. Yeye akafuma: kila baada ya idadi fulani ya vitanzi anaongeza kimoja, bila kubadilisha hesabu. Uso ukajikunja wenyewe, na wanafunzi wakaweza kuushika kwa mikono. Kama uliwahi kuambiwa huwezi hesabu na sasa unafuma kofia inayokaa kichwani bila kuvimba, tayari unajua kuongeza na kupunguza kwa uwiano. Unasoma maelekezo yenye vifupisho na marudio. Anayeandika programu anafanya karibu hivyohivyo.

Rudi kwa ile hoja ya mashine, juu hapo ndipo moto uko. Kama mashine haiwezi, basi kila topu ya krosheti halisi uliyowahi kuona ikiuzwa, hata ile ya bei ya kutupwa dukani, ilifumwa na mtu. Ameketi mahali, mgongo unauma, anahesabu. Bei ikiwa chini sana, kuna mtu hakulipwa, na hiyo hesabu haina njia nyingine ya kutoka.

Na mara nyingi mtu huyo ni sisi. Beste yangu alifuma topu kwa masaa 16. Uzi ulikuwa 500. Akauza 900, mteja akataka apunguziwe. Toa uzi, inabaki 400. Gawa kwa 16: shilingi 25 kwa saa. Maandazi mawili na chenji. Nilipomwambia aweke angalau mia kwa saa, topu ikawa 2,100, akasema hakuna mtu atalipa. Labda. Wengi kweli walitoka wakaenda. Wawili wakabaki, na wawili walimlipa 4,200, zaidi ya wanne wa 900, kwa nusu ya usingizi aliokuwa anapoteza. Yule Muairishi wa Clones hakuweza kufanya hii hesabu kwa sababu bei ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya bahari. Wewe mteja wako yuko kwa simu yako.

Ukitaka kuanza, uliza kwanza kama mathe au shosho bado ana kulabu yake mahali kwa droo. Nunua uzi wa rangi nyepesi usio na manyoya, ndio uone vitanzi. Fuma mraba. Wa kwanza utakuwa na pembe tano, sijui pembe ya tano hutoka wapi lakini huwa inatoka. Endelea na miraba, andika masaa yako kwa daftari tangu siku ya kwanza, na usiguse topu mpaka upate mraba wenye pembe nne kweli.