Theluji ya Mwezi wa Sita na Wimbo Unaoitwa Amani

Naandika kutoka Guangzhou. Najua nimeadimika, na mama mdogo ameshanisema kwenye simu kwamba ukurasa huu umeota majani. Zamu zilibana. Tena kuna jambo la kazini lilinikaa rohoni, nikashindwa kuandika vichekesho vya soko la samaki nilivyowaahidi. Leo ni historia kidogo, kwa hiyo vuteni kiti.

Mnamkumbuka yule binti wa Kichina, mwanafunzi wa uuguzi anayefanya mazoezi kwenye zahanati yetu? Ndiye aliyenifundisha kununua tiketi ya treni. Mwezi uliopita karatasi ya dawa ya mgonjwa mmoja ilikutwa imeandikwa kipimo mara mbili ya kinachotakiwa. Mgonjwa hakudhurika, iligundulika kabla hajapewa. Lakini lazima apatikane wa kubeba, na binti akaambiwa aandike barua ya kujikosoa. Aliandika kurasa mbili kwa mkono, akasaini. Sasa, mimi ile karatasi niliiona. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa dada mmoja mtu mzima, ambaye mkataba wake unakaribia kwisha na nyumbani ana mama mgonjwa.

Nilipomwuliza binti kwa nini amekubali, alicheka kidogo, akasema, "Dada, unamjua Dou E?"

Simjui hata kwa jina. Basi Jumamosi akanipeleka Liwan, mitaa ya zamani ya mji huu, kwenye makumbusho ya opera ya Kikantoni yaliyofunguliwa mwaka 2016 pale barabara ya Enning. Kuna bustani, bwawa na jukwaa. Tukakaa kivulini akanisimulia.

Dou E ni mjane kijana katika tamthilia ya Guan Hanqing, aliyeandika karne ya 13, China ikiwa chini ya Wamongolia. (Maandiko mengine ya zamani yanamtaja Guan kuwa mtu wa ofisi ya matabibu ya ikulu. Kama ni kweli, ni mwenzetu!) Alipokuwa na miaka saba baba yake alimwacha kwa mama Cai, mkopeshaji, akaenda kufanya mitihani ya serikali. Akakua, akaolewa na mtoto wa yule mama, mume akafa. Kisha likaja baba na mwana, majambazi tu, wakataka kuwaoa kwa nguvu mjane mzee na mjane kijana. Dou E akakataa. Mwana akanunua sumu kwa daktari tapeli, akaitia kwenye supu ili amwue mama mkwe, na baba yake mwenyewe akainywa. Akafa hapo hapo.

Hakimu aliyeletewa kesi ni yule anayewapigia magoti washtaki kwa sababu ndio wanaomlisha. Dou E akachapwa, hakukiri. Hakimu akasema basi achapwe bibi. Hapo ndipo Dou E alipokiri kosa ambalo hakulifanya.

Kabla ya upanga akataja mambo matatu: damu yake isiguse ardhi bali irukie kitambaa cheupe, theluji ianguke mwezi wa sita, na wilaya ile ikose mvua miaka mitatu. Yote yakatokea. Baba yake alirudi kuwa mkaguzi mkubwa wa serikali, na mzimu wa bintiye ukamjia usiku kudai kesi isikilizwe upya. Kuna matoleo ya baadaye ambamo theluji inawahi na mtu anaachiwa huru, lakini mwanafunzi wangu hayapendi. Anasema yanamrahisishia hakimu.

Mimi nikamwambia habari za Kinjeketile. Nyie wa rika langu mnakijua kitabu cha Ebrahim Hussein cha mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kwenye tamthilia wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anajua yameshaua watu wake, na bado anakataa kulitamka, kwa kuwa akilitamka ataiua na vita yenyewe, mpaka kwa wajukuu. Binti alifikiri sana. Akasema, "Wako alikufa kwa kutosema. Wangu alikufa kwa kusema. Nani alifanya vizuri?" Shuleni hatukuwahi kuulizwa swali kama hilo, tuliulizwa dhamira na maudhui.

Halafu akanisimulia ya Tian Han, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwaka 1958 Tian Han aliandika tamthilia kuhusu Guan Hanqing mwenyewe, mtunzi anayehatarisha shingo yake kwa kuandika habari za Dou E. Wakantoni wakaifanya opera yao, wakaicheza waigizaji wao wakubwa Ma Shizeng na Hong Xiannü. Miaka minane baadaye yakaanza Mapinduzi ya Utamaduni. Tian Han akakamatwa, akafia kizuizini Desemba 1968. Sasa sikilizeni: huyu ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa wa China. Yeye akiwa kifungoni wimbo ulipigwa muziki mtupu, maneno yamenyamazishwa. Yalirudishwa rasmi mwaka 1982, mwenyewe hayupo miaka 14.

Jioni ndani ya treni binti alinipa sikio moja la spika zake. "Hii sasa ni opera yetu sisi vijana." Lilikuwa kundi la roki la Hong Kong, Beyond, lililoanza mwaka 1983. Waliimba Kikantoni, ndiyo maana watu wa Guangzhou wanaliona lao. Wana wimbo wa mwaka 1990 kuhusu Nelson Mandela. Lakini alionisikilizisha ni wa mwaka 1991, na kwenye kiitikio nikasikia Kiswahili! Kiswahili chetu, kwa lafudhi ya Hong Kong, ndani ya treni ya chini ya ardhi! Nilishika mkono wa binti kwa nguvu akashtuka. Wimbo unaitwa Amani. Mwaka huo walitembelea Kenya na shirika la misaada, wakaona watoto wa vita na njaa, wakarudi na maneno hayo mdomoni.

Mwimbaji wao, Wong Ka Kui, alianguka kutoka jukwaa la studio ya televisheni Tokyo tarehe 24 Juni 1993. Kimo chenyewe hakifiki mita tatu. Nimehudumia walioanguka kwenye minazi mirefu kuliko hapo wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Yeye aliangukia kichwa, hakuzinduka tena, akafariki tarehe 30. Alikuwa na miaka 31, mdogo kwangu. Binti hakuwa amezaliwa, lakini wimbo anaujua wote, na Kiswahili chake alikuwa akikiimba miaka yote bila kujua neno moja.

Akaniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akarudia neno "amani" polepole, kisha akasema: "Basi na wewe dada usiseme kazini, tuwe na amani."

Sikumjibu. Nilikuwa nafikiri kwamba Dou E alipokatwa kichwa yule hakimu alikwenda kula chakula chake cha jioni, na bibi aliyeokolewa alibaki peke yake na uzee wake. Tena huku hatuna hata theluji, mwezi wa sita ni mvua na jasho tu. Lakini nikimtetea binti, namwangusha dada yule mwenye mama mgonjwa.

Nimeandika barua, nusu ukurasa, kwa Kichina changu cha kuungaunga. Iko kwenye mkoba. Jumatatu niko zamu ya asubuhi na mkuu wetu.

Msalimieni bibi, mwambieni dawa ya presha haiachwi hata akijisikia mzima. Samaki wanakuja wiki ijayo, Mungu akipenda.