Jiwe la Tsavo: Kijani Chake na Damu Yake

Watu wakianza kuongea vito vya kijani, ni zumaridi tu. Mara Kleopatra, mara wafalme wa India. Sawa basi. Lakini kuna jiwe la kijani linachimbwa hapa Taita Taveta, na wengi wetu tumepita Voi na SGR mara kibao bila kulisikia. Linaitwa tsavoriti.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha jiolojia, lakini hii ni rahisi: ni aina ya ganeti, na rangi yake inaletwa na vanadi, saa zingine kromu. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta kuficha nyufa. Tsavoriti kwa kawaida huuzwa vile ilitoka ardhini, imekatwa na kung'arishwa tu. Kubwa ni adimu sana. Ukiwa nayo, ioshe na maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Joto la ghafla linaweza kuipasua, kwa hivyo pete ikienda kwa sonara, mwambie asiichomee moto jiwe likiwa ndani.

Hadithi za kale haina, kwa sababu ilijulikana juzi. Mwaka 1967 Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, aliipata kaskazini mwa Tanzania. Migodi huko ikataifishwa, akavuka, akaipata tena Taita mwanzoni mwa miaka ya 70. Aliishi kwa nyumba juu ya mti, na inasemekana alifuga chatu alinde mawe. (Ulinzi wa maana huo.) Mwaka 1974 Tiffany ya New York ikaitangaza dunia nzima kwa jina la Tsavo.

Wauza vito wanapenda kuishia hapo. Hawafiki Agosti 2009, Bridges alipovamiwa na kundi la watu karibu na Voi akauawa, katika mzozo wa nani ana haki ya kuchimba. Mwaka 2014 mahakama ya Mombasa iliwafunga watu wanne miaka 40 kila mmoja.

Mauaji sitetei hata kidogo. Ila swali la haki ya kuchimba halikuzikwa naye. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti 20, jamii inayokaa hapo 10. Na hiyo kumi ni ya mrabaha, si ya bei ya jiwe.