Shanga Nyeusi za Ugogo

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara unalikuta tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Limejengwa upya, ila ramani ni ya kale: uwanja katikati, vyumba vimeuzunguka, paa bapa la udongo juu ya wote. Siku niliyoingia humo kwa mara ya kwanza nilikuwa na kompyuta mpakato begani na hasira kifuani. Sauti za wazee wa Unyanyembe, nilizorekodi kwa miaka kadhaa, zilikuwa zimekataa kufunguka.

Nilizitunza kwenye seva pepe. Kwa asiyejua: ni kompyuta moja kubwa iliyogawanywa vyumba, kila mpangaji anajiona ana nyumba yake peke yake. Usiku mmoja wenye mashine wakanihamishia kwenye mashine nyingine, bila hodi. Asubuhi programu ninayoitumia kupanga zile sauti ikaanguka kila nilipoiwasha. Faili zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea. Tatizo lilikuwa prosesa. Programu ilitengenezwa kwa ajili ya prosesa mpya, zenye amri za ziada za hesabu, na mimi nilikuwa nimehamishiwa kwenye ya zamani isiyozijua amri hizo. Chumba kilikuwa cha kufikirika, lakini sakafu ilikuwa ya kweli.

Hapo nikamkumbuka Stanley. Mwaka 1871, kabla hajaondoka Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, kilichomuumiza kichwa zaidi kilikuwa shanga, kuliko hata bunduki. Ameeleza mwenyewe: Unyamwezi walitaka samesame nyekundu na nyingine walizikataa, nyeusi, zile bubu, zilipita Ugogo tu, sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji, kwingineko si kitu. Na nguo vivyo hivyo, hapa merikani, pale kaniki. Ukikosea hesabu pwani, unafika bara na mizigo mizima na njaa. Huwezi kumwambia Mgogo kwamba shanga zako ni nzuri. Ni nzuri, ndiyo, lakini si zake.

Watu hudhani mambo haya ya kugawa mashine ni ya juzi. Si kweli. IBM walikuwa wanagawa kompyuta moja kwa wengi tangu miaka ya 1960, na mfumo wao wa CP-67 ulihitaji modeli maalumu, System/360 Model 67, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na vifaa vya kutafsiri anwani za kumbukumbu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti ya mashine inayogawanyika vizuri: kwa ufupi, kila amri inayogusa mambo ya nyumba nzima lazima imfikie mwenye nyumba kwanza. Prosesa za x86, hizi zilizojaa maofisini kwetu, hazikutimiza sharti hilo. Baadhi ya amri zilipita kimyakimya bila msimamizi kujua. VMware wakatafuta njia ya kuzunguka mwaka 1999 kwa kutafsiri amri hizo papo kwa papo. Intel wakaja kurekebisha prosesa zenyewe mwaka 2005, AMD mwaka uliofuata.

Na sisi mwaka 1974 tulikuwa wapi? Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine ya kwanza, ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka iliyofuata ya kuhesabu fedha za umma kwa kompyuta iliishia kwenye hasara na lawama. Marufuku ile kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha Ujamaa, pamoja na ile ya televisheni. Mimi sicheki sana. ICT 1500 yenyewe ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina la Kiingereza, na familia ya 1900 iliyouzwa na kampuni hiyohiyo ilitoka ukoo mwingine kabisa. Programu ya mmoja haikuendeshwa na mwenzake. Mnunuzi wa Dar es Salaam angejuaje? Alikuwa amenunua shanga kwa kuangalia rangi ya gunia.

Niwe mkweli, si kila mgawanyo ni sawa. Kuna ule ambao wapangaji wote wanatumia kiini kimoja cha mfumo, kama vyumba vya tembe chini ya paa moja: ni nafuu, ila paa likivuja mnalowa wote, na mwenye kutaka paa la aina nyingine hana pa kulala. Wangu ulikuwa wa aina nyingine, wenye kuta kamili na kila mpangaji na mfumo wake. Kuta hazikunisaidia.

Niliwaandikia wenye mashine. Jibu lilichukua siku tatu na lilinishauri nizime kisha niwashe. Mwishowe nikaiunda upya programu kwa ajili ya prosesa za kale, isiombe amri ambayo mashine haina. Inakwenda polepole, hasa kwenye rekodi ndefu. Ya kwanza kufunguka ilikuwa ya mzee mmoja ambaye hakuniruhusu kutaja jina lake. Anataja vituo alivyosikia kwa babu yake, mpagazi, kuelekea pwani: Rubuga, Tura, Mgunda Mkali, Mpwapwa. Kabla ya Bagamoyo anakohoa, anaomba maji, na mimi nasikika nikisema, "Pole, babu, chukua muda wako."