Fedha Zigawanywe Vipi? Chanzo cha Hesabu ya Uwezekano

Leo tutaeleza jinsi swali la mchezo uliokatizwa lilivyozaa hesabu inayotumiwa na madaktari, wakulima na wenye viwanda. Hatukusudii kufundisha kamari. Kamari ni hasara. Twataka kuona jinsi binadamu alivyojifunza kupima jambo ambalo bado halijatokea. Shikeni kalamu na karatasi.

Swali lenyewe ni hili. Watu wawili wanacheza mchezo wa bahati, na katika kila duru wana nafasi sawa ya kushinda. Kila mmoja ameweka sarafu 32, jumla 64. Atakayetangulia kushinda duru 3 atachukua zote. Mmoja amekwisha shinda duru 2, na mwenziwe 1. Mara mchezo unakatizwa. Fedha zigawanywe vipi kwa haki?

Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa wa Italia aliyekuwa bingwa wa hesabu, aliandika kwamba katika swali la namna hii kila mmoja apewe kwa kadiri ya alivyokwisha shinda. Yaonekana vema, lakini kuna kasoro. Tuseme mchezo ni wa duru nyingi, na ni duru moja tu iliyochezwa. Je, aliyeshinda hiyo moja achukue fedha zote? La, hasha!

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya jambo hili. Hawakutazama duru zilizopita, walitazama zilizosalia. Hapo ndipo penye siri.

Pascal alieleza hivi. Tuwaze duru moja zaidi. Yule mwenye 2 akishinda, atapata 64. Akishindwa, watakuwa sawa, 2 kwa 2, na kila mmoja atastahili 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote. Zile 32 nyingine wana nafasi sawa, basi wazigawe nusu kwa nusu, 16 kila mmoja. Kwa hiyo wa kwanza apate 48, wa pili 16.

Sasa tulifanye swali liwe gumu zaidi. Wa kwanza amebakiza duru 2, wa pili amebakiza 3. Fermat aliona kwamba baada ya duru 4 hapana budi mshindi awe amepatikana. Duru 4 zaweza kutokea kwa njia 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Tuandike a wa kwanza akishinda, na b wa pili akishinda:

b haipo: njia 1 (aaaa)
b moja: njia 4 (aaab, aaba, abaa, baaa)
b mbili: njia 6 (aabb, abab, abba, baab, baba, bbaa)
b tatu: njia 4
b nne: njia 1

Wa kwanza hushinda penye a mbili au zaidi: 1 + 4 + 6 = 11. Wa pili hushinda katika njia 5. Basi kati ya sarafu 64, wa kwanza apate 44, wa pili 20.

Tazameni hesabu zile: 1, 4, 6, 4, 1. Ni mstari mmoja wa pembetatu iliyojulikana zamani Uajemi na China. Pascal aliandika kitabu juu yake, kikatolewa mwaka 1665, naye amekwisha kufa. Kisha Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi, akaonyesha namna ya kuhesabu hata pale nafasi zisipokuwa sawa. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kufa kwake.

Faida yake nini kwetu? Tuseme mkulima amepanda mbegu 4, na kila moja ina nafasi nusu ya kuota. Atatazamia ziote 2. Lakini njia za kuota 2 barabara ni 6 tu kati ya 16! Basi ikiota 1 au 3, asiharakishe kumlaumu muuza mbegu. Ajaribu mbegu nyingi ndipo ahukumu.

Maswali ya kujijaribu
1. Mbegu ni 3, nafasi ni nusu. Andika njia zote 8.
2. Katika njia ngapi zitaota 2 barabara?
3. Kwa nini shauri la Pacioli halikuwa la haki?

Kwaherini, hadi somo lijalo.